Kitabu cha Ubatizo

Jumanne, saa tatu, ofisi ya parokia, Bukumbi.
Upepo wa ziwa umeingia bila hodi,
umepekua rejesta kabla yangu
na kuniachia wadudu watatu
juu ya jina la marehemu.

Amekuja kijana, fundi wa injini za boti,
mikono ameinawa, kucha zimekataa.
Anataka cheti. Anaoa Agosti.
"Jina?"
"James Luhende."
Nimemtafuta James mwaka hadi mwaka, mbele na nyuma.
Hayupo.
Yupo Jacobus, filius Luhende,
kwa mwandiko wa yule padri mzee wa Kiholanzi
aliyeandika kwa Kilatini hata hesabu ya maharage.

"Nyumbani wanakuitaje?"
"Yakobo. Ila mwalimu mkuu alisema
Yakobo ni jina la machungani,
fomu ya mtihani hailitaki. Akanipa James.
Gereji naitwa Jemsi,
hasa deni likiiva."

Na sasa ofisi ya vitambulisho inamtaka
alete kiapo mbele ya wakili, elfu thelathini,
kwamba watu hawa wanne
hula kwa mdomo mmoja.

Nimecheka. Kisha nimenyamaza,
maana mimi ni Leokadia,
na mpaka leo, miaka hamsini na mbili,
sijui somo wangu aliitwaje na mama yake.

Wahispania, Padri Nestori aliniambia,
humwita mtume huyo Santiago,
na huenda kwake kwa miguu, majuma na majuma.
Je, akiitwa Jemsi hapa Kigongo
hageuki?
Naye alikuwa mtu wa ziwa.
Mama yake alimwita kutoka ufukoni,
njoo wewe, samaki wanaharibika,
kwa jina lililo na koo ndani yake,
si la Roma, si la London,
na sisi sote tuliojaza vitabu
hatukuwapo kulisikia.

Mwalimu mkuu alidhani amemtoa mtoto kijijini.
Kiingereza nacho ni kijiji, mwalimu,
kilipata barabara mapema, basi.

Nimeandika kama kitabu kinavyosema: Jacobus.
Pembeni, kwa herufi ndogo, ndiye Yakobo, ndiye James.
Jemsi nimemwacha gereji na madeni yake.
Muhuri. Nikadhani tumemaliza.

Kumbe mchumba yuko nje, na mtoto mgongoni,
wa kubatizwa siku ileile ya ndoa.
Masista wa zahanati wamempa medali
imeandikwa Chiara.
Mama anataka hivyohivyo, kama ilivyo kwenye medali.
Baba anataka Clare,
"asije akahangaika kama mimi."
Nimesoma kwa sauti: Kla-re.
Ameona haya. "Si hivyo, mama. Kleya."
Nami nina Klara wangu katika litania,
tumemwimba kila mkesha wa Pasaka,
ameizoea K yake kama ndala za uani,
na hajawahi kusahihisha kwaya.

Tumebishana. Chai imepoa.
Nimesema mambo ya herufi C,
kwamba kwetu haitembei bila H kuishika mkono,
nikajiona mwerevu.

Ndipo bibi, Minza, aliyekuwa kizingitini
akipangusa tumbaku puani,
akauliza kuna nini kirefu hivyo.
Wakamwambia jina.
Akalionja. Ulimi wake wa Kisukuma
ukaiwekea K na L kigoda katikati,
R ukaiacha nje na viatu.
"Kalala," akasema.

Tukamtazama.
"Kalala," akarudia, akinyosha kidole
mgongoni kwa mkwe.
Na kweli, kalala,
medali mdomoni, mate yakitiririka
juu ya Chiara.

Kalamu ya wino nimeirudisha kwenye kopo.
Nimeandika kwa penseli.
Agosti bado mbali,
na upepo unataka tena ukurasa.